Hiari ya Nashipai

Neno lilikuwa jekundu, na lilikaa mbele ya jina lake kamili: Nashipai Kisio, mwaka wa tatu, HAJATIMIZA.

"Mashine imekosea," alisema Nashipai.

Bi Tumwagile, mratibu wa kituo cha masomo, hakujibu upesi. Lori lilikuwa linapita barabara kuu, na katika ofisi ile ya Mikumi, iliyobanwa kati ya duka la vipuri na banda la chipsi, hakuna aliyezungumza lori likipita. Hata wakufunzi waliotoka makao makuu ya chuo walikwisha zoea: walikatisha sentensi katikati, wakasubiri mabati yaache kutetemeka, kisha wakaendelea pale pale walipoishia. Lori lilipokwenda zake, Tumwagile aligeuza kioo cha kompyuta ili wote wawili waone.

"Haijakosea, mwalimu. Kozi zako za hiari ziko wapi?"

"Sikuzichukua."

"Kwa nini hukuzichukua?"

"Si za hiari?"

Tumwagile alimtazama aone kama anatania. Alikuwa amekaa kwenye kiti kile miaka mingi na amesikia kila aina ya maelezo. Kuna waliosahau nywila, kuna waliosajili kozi za kitivo kingine, na kuna bwana mmoja aliyemtuma shemeji yake amsajilie, shemeji akachagua kozi alizozipenda yeye. Hili la leo lilikuwa jipya.

"Mwaka wa kwanza hukuchukua hata moja?"

"Hapana."

"Na wa pili?"

"Hapana. Mwongozo umesema kuna kozi za lazima na kuna za hiari. Nikachukua za lazima zote. Sikuacha hata moja."

"Mwalimu Nashipai," Tumwagile alisema taratibu, kama mtu anayemfungua mtoto kidonda, "hiari ni ya kuchagua ipi. Kuchukua ni lazima. Kila mwaka unatakiwa uwe na mbili, zako unazozitaka wewe. Bila hizo krediti hazitimii, na bila krediti hakuna shahada."

"Kwa hiyo ni lazima."

"Ni lazima, ndiyo."

"Sasa kwa nini waliziita hiari?"

Lori jingine likaja, na Tumwagile alionekana kulishukuru.

Kosa lenyewe lilikuwa rahisi kutendeka kuliko linavyosikika. Chuo kile kinafundisha watu wazima wenye kazi zao, wengi wao walimu, na kinawaruhusu kubeba mzigo mdogo wakitaka kwenda polepole. Mfumo ulipoona Nashipai amesajili kozi nne kwa semesta badala ya tano, ulimpitisha. Watu wa kituo nao walidhani kwamba anakwenda taratibu kwa makusudi, kwa sababu ana shule, ana watoto na ana ng'ombe. Hakuna aliyemuuliza, naye hakuwa na swali la kuuliza. Alisoma neno, akaliamini, akaendelea na kazi.

Nje, chini ya kipande cha kivuli cha ukuta, alimkuta Ashrafu akimsubiri. Ashrafu ni mwalimu wa hisabati wa Kidete, mdogo kwake kwa umri, waliyeanza naye chuo siku moja. Alipoelezwa kilichotokea alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Dada, wewe umekulia wilaya gani?"

"Si Kilosa hii hii."

"Na mchango wa hiari hujawahi kuusikia? Mtendaji wa kijiji akija na mchango wa hiari, ukamwambia leo hiari yangu haitaki, anaaga anaondoka?"

"Mimi huwa natoa."

"Unatoa kwa sababu ni lazima!"

"Natoa kwa sababu nataka zahanati ijengwe."

"Ya Rabi," alisema Ashrafu. "Wewe ndiye mtu pekee Tanzania nzima aliyewahi kutoa mchango wa hiari kwa hiari."

Nashipai alicheka, lakini alicheka kama mtu anayelipa nauli. Kisha akauliza swali aliloliacha ofisini kwa sababu aliogopa jibu lake: mtu anayedaiwa kozi sita za hiari, juu ya nane za lazima za mwaka wa mwisho, anaweza kumaliza zote ndani ya mwaka mmoja?

Ashrafu alihesabu kwa vidole. "Saba kila semesta. Mwisho unaoruhusiwa ni sita. Labda Mkuu wa Kitivo akufungulie. Ahirisha mwaka, dada. Watu wanaahirisha, hawafi."

"Siwezi kuahirisha," alisema Nashipai.

Sababu ilikuwa nyuma yake, upande wa Kilangali, ng'ambo ya mto unaokatika wakati wa kiangazi na kujaa wakati wa masika. Huko kuna shule ambayo wakati ule ilikuwa bado haijawa shule. Serikali huita shule za namna ile shule shikizi: madarasa machache ya watoto wadogo, yaliyojishikiza kwa shule mama iliyo mbali, hadi yatakapokua na kusajiliwa kwa jina lake. Nashipai alikuwa akifundisha kwenye shule mama, huko Mvumi, palipokuwa na nyumba ya mwalimu na maji ya bomba. Aliomba mwenyewe kuhamishiwa shikizi. Ofisa aliyepokea ombi lake alimuuliza mara mbili kama amesoma vizuri alichoandika.

Alipokwenda palikuwa na chumba kimoja cha miti na udongo. Nusu ya watoto walitoka kwenye nyumba za wakulima, wakazi wa zamani wa bonde, na nusu walitoka kwenye maboma ya wafugaji, wa kwao. Wazazi wao hawakuwa na mazoea ya kukaa kikao kimoja, isipokuwa kesi ya ng'ombe kuingia shambani. Nashipai aliwakalisha kikao. Wakulima walifyatua tofali, wafugaji wakatoa fahali wa kununulia bati, na pale ubishi ulipozuka juu ya nani ametoa zaidi, alisimama katikati akatafsiri matusi ya kila upande kwa adabu ambayo hayakuwa nayo. Madarasa yakasimama.

Sasa usajili ulikuwa umekubaliwa. Januari ya kwanza baada ya mwaka ule wa masomo, shikizi ingekuwa shule kamili, na ofisi ya elimu ilikuwa imesema wazi kwamba mwalimu mkuu wa kwanza lazima awe na shahada mkononi. Nashipai akimaliza mwaka ule, nafasi ni yake. Asipomaliza, ataletwa mwingine.

Hakuogopa kwamba mwingine huyo atakuwa mbaya. Alikwisha mwona mwingine mzuri. Kabla yake palikuwa na kijana mwenye bidii, aliyefundisha kwa Kiswahili safi watoto ambao hawakukijua, na watoto wakakaa kimya muhula mzima, na mwisho wa muhula akawaandika kuwa ni wazito wa kuelewa. Nashipai mwenyewe aliwahi kuandikwa hivyo. Aliingia darasa la kwanza akiwa msichana mkubwa, hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Siku ya kwanza mwalimu alisema, "Kaeni chini." Wenzake wakakaa kwenye madawati. Nashipai, aliyekuwa ameulizia maneno hayo mawili njiani na kufundishwa kila moja peke yake, alikaa chini, sakafuni. Darasa lilicheka hadi mwalimu mwenyewe akageukia ubao.

Kwa hiyo alijifunza Kiswahili kama mtu anavyojifunza mto asioujua, akipima kila hatua. Leo anakiandika vizuri kuliko walimu wengi waliozaliwa nacho. Lakini kile alichokipima mara moja, hukisimamia kwa uzito wake wote. Ukimwambia saa mbili, atakuwepo saa mbili. Ukimwambia hiari, ni hiari.

Aliporudi ofisini, Bi Tumwagile naye alimshauri aahirishe, na alipoona hasikii alivuta kiti na kuanza kumpangia. Hili ni jambo la kusema juu ya mwanamke yule: alipinga kwa maneno yote aliyokuwa nayo, kisha akasaidia kana kwamba wazo lilikuwa lake. Mwaka ule kituo cha Mikumi kilikuwa na kozi chache za hiari. Walichagua Elimu ya Awali, Malezi na Unasihi, Elimu ya Watu Wazima na Fasihi ya Watoto. Ya tano na ya sita ndizo zilizogoma. Kila waliyoijaribu, mfumo uliitema: mitihani inagongana. Zilibaki mbili tu zisizogongana na kitu, kwa sababu hakuna anayezichagua. Ya kwanza ni Utangulizi wa Takwimu. Ya pili ni Takwimu za Elimu, ambayo huwezi kuisajili semesta ya pili kama hukufaulu utangulizi wake semesta ya kwanza.

"Hisabati kidato cha nne ulipata ngapi?" aliuliza Tumwagile.

"F."

"F ya karibu na D, au F yenyewe?"

"F yenyewe."

Tumwagile alibonyeza kitufe. "Basi. Tukamwone Mkuu wa Kitivo."

Mkuu wa Kitivo, Dakta Beda, alikuja Mikumi wiki ile ile kwa vipindi vya ana kwa ana. Ni mtu mpole, mrefu, anayezungumza kana kwamba kila neno linakatwa kwenye posho yake.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, mwalimu. Kaa." Alikuwa na matokeo yake mbele. "Nilipoona alama hizi nilimwambia mratibu, huyu niletee wa kwanza, wenye matatizo wafuate. Akaniambia huyu ndiye mwenye matatizo."

"Ndiyo mimi."

"Unaomba kozi saba kwa semesta. Sheria inaniruhusu kumwongezea moja mwanafunzi wa mwaka wa mwisho mwenye alama nzuri. Unazo. Lakini nikuambie kitu ambacho wenzako hawatakuambia. Hizi A umezipata ukiwa umebeba kozi nne. Wao walibeba tano. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Sisemi hukustahili. Nasema saba ni kitu kingine. Ukiziacha hizi sita hadi mwakani, unamaliza na daraja la kwanza. Chuo hakiwasahau watu wa daraja la kwanza. Kuna shahada ya pili, kuna nafasi za ukufunzi hapa hapa kituoni. Ukizibeba zote sasa, na mbili zikiwa za Takwimu…" Lori lilipita. Alisubiri limalizike. "…daraja la kwanza linaondoka."

"Na shahada?"

"Ukifaulu zote, unayo."

"Mwaka huu?"

"Mwaka huu. Ukianguka hata moja, marudio yake ni mwakani, na hapo utakuwa umekosa vyote viwili."

"Naomba saba, Daktari."

"Hutaki hata kufikiri?"

"Nimefikiri njia nzima, kuanzia Kilosa mjini."

Dakta Beda alitia sahihi. Itakuwa si haki kusema kwamba Nashipai hakujali. Alilitaka daraja la kwanza. Miaka miwili jina lake lilikuwa juu ya majina yote ya kituo, na kila matokeo yalipotoka alikuwa na mazoea ya kuyatazama mara ya pili bila sababu. Nyumbani ni mumewe tu, Kakuta, aliyejua.

"Daraja la kwanza ni nini?" aliuliza Kakuta, akiwa ameshikilia ndama ili mkewe akamue.

"Ni wale waliotangulia."

"Na la pili?"

"Wanaofuata."

"Wote wanafika kwenye maji?"

"Wote wanafika."

"Basi."

Kwa muda maziwa yaliingia kwenye kibuyu kwa nguvu zaidi. Ni rahisi kusema basi wakati si wewe uliyekuwa mbele.

Kuanzia hapo Jumapili zake zikawa za Ashrafu. Walikutana kwenye darasa tupu la shule mama ya Mvumi, mlango wazi, Kakuta akija mara nyingine na kukaa dirishani kusikiliza mambo asiyoyahitaji. Ashrafu ni mwalimu mzuri na mdomo wake hauna breki.

"Dada, wastani ni nini?"

"Ni jumla kugawanya kwa idadi."

"Umekariri. Nieleze kama mimi ni mtoto wako wa darasa la tatu."

"Mtoto wangu wa darasa la tatu ana adabu."

"Haya, nieleze kama mimi ni mtendaji wa kijiji."

Kazi ya kwanza ya Utangulizi wa Takwimu ilitaka kila mwanafunzi akusanye taarifa kutoka mazingira yake na kuzipanga kwenye jedwali. Nashipai aliona hili ni jepesi. Mazingira yake ni ng'ombe. Alikwenda kwenye boma la baba yake, mzee Kisio, akaamkia, akanywa chai, akaeleza kwa Kimaasai kwamba chuo kinataka ahesabu ng'ombe.

Mzee Kisio aliweka kikombe chini. "Chuo kinataka ng'ombe wangu?"

"Kinataka idadi tu, baba."

"Ng'ombe hawahesabiwi. Unawajua, basi. Akikosekana mmoja unaona pengo lake. Anayehesabu anatafuta kupunguza."

"Ni kazi ya shule."

"Kahesabu kuku," alisema mzee Kisio. "Waswahili wana kuku wengi. Kuku hawana heshima ya kupoteza."

Akaenda kuhesabu kuku. Alizunguka nyumba za wakulima za Mvumi siku nzima na karatasi yake, akiuliza kila kaya ina kuku wangapi. Wengine walidhani ni kodi mpya wakawaficha kuku jikoni. Mama mmoja aliapa kwamba hana kuku huku jogoo akiwika chini ya kitanda. Nashipai aliandika alichoambiwa, kisha, kwa kuwa ni Nashipai, akaandika pembeni kwamba kwa kaya ile jibu na sauti havikukubaliana. Mkufunzi aliyesahihisha aliweka mstari chini ya sentensi hiyo na kuandika: hili ndilo somo lenyewe. Ilikuwa alama nzuri ya kwanza aliyowahi kupata kwenye kitu chenye namba.

Haikutosha kumfanya mwanahisabati. Kozi saba si jambo la kishujaa ukiliangalia kwa karibu. Ni jambo la kuchosha. Alisoma Malezi na Unasihi huku akisonga ugali, na Elimu ya Watu Wazima huku akichunga foleni ya zahanati na mtoto mwenye homa. Alikosa harusi ya binti wa mdogo wake, jambo ambalo kwa watu wake halisahauliki haraka. Kwenye kozi za lazima, alikozoea A, zilianza kuja B, na alizipokea kama mtu anayepokea mgeni asiyemwalika: alizikaribisha, hakuziuliza zinakaa hadi lini. Mitihani ya Februari alifaulu yote. Utangulizi wa Takwimu alipata C.

"C ya karibu na B, au C yenyewe?" aliuliza Tumwagile, aliyekuwa ameishika simu tangu asubuhi.

"C yenyewe."

"Mfumo haujui tofauti," alisema Tumwagile, na papo hapo akamsajilia Takwimu za Elimu, asije akabadili mawazo.

Hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa na meno. Masika yalikuwa mabaya, mto ukajaa, na Jumapili tatu mfululizo Nashipai hakuweza kuvuka kwenda Mvumi. Ashrafu alimfundisha kwa simu, akisimama kwenye kichuguu cha Kidete kilichokuwa na mtandao, akipiga kelele fomula huku treni ya mizigo ikipita nyuma yake. Siku moja, katikati ya somo, Nashipai alinyamaza.

"Dada, upo?"

"Nipo."

"Umeelewa?"

"Sijaelewa. Nimechoka, Ashrafu. Nimekuwa nikisema nimeelewa tangu wiki iliyopita, na sijaelewa."

Kwa mtu mwingine kusema umeelewa ni jambo la kawaida. Kwa Nashipai, ambaye hajawahi kusema kitu asichokimaanisha, uongo huo ulikuwa umemlemea wiki nzima. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, Ashrafu hakutania.

"Haya," alisema. "Tunarudi mwanzo. Hatuna aibu. Wastani ni nini?"

Wakarudi mwanzo. Walirudi mwanzo mara kadhaa, kabla mto haujapungua na baada ya kupungua. Mtihani ulikuwa Julai, katika ukumbi wa kukodi wa Mikumi, watahiniwa wa Takwimu wakiwa wachache kiasi kwamba msimamizi aliwaruhusu wakae wanakotaka. Nashipai alichagua kiti cha mbali na barabara. Alijibu alichokijua, akaruka asichokijua, na kwenye swali la mwisho, ambalo hakulijua lote, aliandika hatua zote alizozielewa na kusimama pale alipofikia. Hakubuni jibu. Ashrafu alipoambiwa hivyo alipiga kelele kwamba mtu huandika chochote, chochote, labda msahihishaji ana usingizi.

"Sikujua jibu," alisema Nashipai.

"Hakuna anayejua! Ndiyo maana tunaandika!"

Matokeo yalitoka Septemba. Alikuwa kwenye uwanja wa shule, akipanga watoto mistari, simu ilipolia, na alijua ni Tumwagile kwa sababu nyuma ya ukimya wa kwanza palikuwa na lori linapita. Alisubiri lipite. Hakuna lori lililowahi kuwa refu namna ile.

"C," alisema Tumwagile. "Nyembamba kama uzi, lakini ni C. Hatua zako za swali la mwisho zilipewa alama. Mwalimu, umetimiza. Neno limekuwa la kijani, ninalo hapa mbele yangu."

Nashipai alishukuru. Kisha akauliza kuhusu daraja.

"La pili. La juu, lakini la pili. Umekosa la kwanza kidogo sana."

"Kidogo kiasi gani?"

"Usiulize."

Hakuuliza tena. Alirudi kwenye mistari, na mtoto aliyekuwa amesimama vibaya akasimama vizuri bila kuambiwa, kwa sababu uso wa mwalimu wake ulikuwa na kitu asichokizoea. Ashrafu, aliyebeba tano tano tangu mwanzo na hakupata A nyingi maishani mwake, alimaliza naye kwa daraja lile lile la pili la juu. Alitangaza Kidete nzima kwamba sasa yeye na mwalimu Nashipai ni sawasawa, na kwamba kama angejua, angeacha za hiari yeye pia.

Januari, ofisa elimu kata alikuja kuifungua shule. Wazazi walikaa pande mbili za uwanja kama wanavyokaa siku zote, wakulima kwenye mabenchi, wafugaji wamesimama na fimbo zao au wamechuchumaa. Nashipai alisimama kati yao, mahali pake pa kawaida, kwa kuwa wazee wengi wa maboma hawafuati Kiswahili cha ofisini na hakuna mwingine wa kutafsiri. Ofisa alisoma barua ya usajili, naye akaitafsiri. Alisoma jina jipya la shule, naye akalitafsiri. Kisha ofisa akafungua barua ya pili, akakohoa, na kusoma kwamba kwa mamlaka aliyopewa, mkurugenzi wa halmashauri amemteua mwalimu Nashipai Kisio, mwenye shahada ya ualimu, kuwa mwalimu mkuu wa kwanza wa shule hiyo.

Mabenchi yalipiga makofi. Upande wa pili walisubiri.

Mzee Kisio, aliyekuwa ameegemea fimbo yake mbele ya wenzake, aliuliza kwa Kimaasai, "Amesema nini huyo?"

Nashipai alikuwa ametafsiri kila kitu uwanjani pale kwa miaka: matusi, michango, chanjo, kesi za mahindi. Hakuwahi kukwama. Leo alikwama.

"Mwalimu, endelea," alisema ofisa kwa upole. "Wanasubiri."

"Amesema," Nashipai alianza, na sauti yake ikaenda juu kidogo kuliko alivyokusudia, "amesema shule imepata mwalimu mkuu. Amesema ni mwanamke. Amesema ni binti wa Kisio."

Hapo hakukuhitajika mtafsiri tena, kwa sababu wanawake wa maboma walikwisha anza kuimba.